Setilaiti ilivyoniumbua kwa mjomba wangu Rufiji

Wiki mbili hukuniona ukurasa huu na nasikia baadhi yenu mmeanza kueneza kwamba nimeoa. Sijaoa, mahari yenyewe nitaitoa wapi? Nilikuwa delta ya Rufiji kwa mjomba wangu, mdogo wake mama, na nimerudi na debe la mchele pamoja na aibu. Mchele siwezi kukugawia. Aibu nitakupa yote.

Mambo yalianzia kijiweni kwetu Mbagala. Kuna mshikaji wangu tuliyemaliza naye kidato cha nne. Yeye alifaulu, mimi matokeo yangu tuyaache yalipo. Sasa hivi yuko chuoni anasomea mambo ya ramani. Jioni moja akaja na kompyuta yake ya kubeba, akaifungua juu ya meza ya drafti huku wazee wakinung'unika. Kwenye kioo kulikuwa na kitu chekundu kama nyama ya buchani, kimepasuliwapasuliwa na mistari myeusi.

"Hiki nini?" akaniuliza.

"Mapafu ya mvuta sigara," nikasema, kijiwe kizima kikacheka.

"Hapa ni Rufiji, kwao mama yako."

Basi akaanza kunieleza, na mimi nakueleza wewe kama nilivyoelewa. Ile ni picha iliyopigwa na setilaiti, chombo kinachoizunguka dunia kikiwa juu kiasi cha kilomita 700. Wamarekani walirusha ya kwanza ya ukoo huo Julai 1972, wakaita ukoo mzima Landsat, na hadi leo wanarusha nyingine zikichoka za zamani. Tangu 2008 picha zake ni bure kwa mtu yeyote, hata wewe unayesoma gazeti la kuazima. Watu wa Ulaya nao wana zao, Sentinel-2, ya kwanza ilirushwa 2015 na ya pili 2017, na zikienda mbili zinarudi juu ya sehemu ileile kila baada ya siku tano.

Picha yenyewe ni vijisanduku vilivyopangwa kama vigae vya sakafu. Kijisanduku kimoja cha Landsat ni mita 30 kwa 30 huku chini, kwa hiyo uwanja mzima wa mpira unaingia vijisanduku vinane tu. Cha Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10. Ndiyo maana hutamwona mtu pale, wala mtumbwi wake. Msitu utauona.

Na wekundu je? Kuna mwanga ambao macho yetu hayauoni, ule unaotoka kwenye rimoti ya televisheni. Bonyeza rimoti halafu iangalie kwa kamera ya simu, kwenye simu nyingi utaona kitaa kinamulika. Jani bichi lenye afya linaurudisha juu mwanga huo kwa wingi, maji yanaumeza. Wataalamu wanaupa rangi nyekundu ili tuuone. Sasa mkoko, kwa kuwa umesimama kwenye tope na maji, unatoka mwekundu wa kuiva, haufanani na mkorosho au mwembe wa bara. Na ukiukata, pale pale wekundu unaondoka, panabaki rangi ya majivu.

Mshikaji akaniwekea picha mbili ubavu kwa ubavu, moja ya 1991 na nyingine ya juzijuzi. Upande wa kaskazini wa delta ulikuwa umeingiwa na vibaka vya majivu, vingi tu, kama shuka iliyoliwa na mende. Nikaifuata kona ya mto ninayoijua tangu utotoni. Pale palipokuwa pekundu 1991 sasa kuna baka kubwa la majivu. Ni shambani kwa mjomba wangu!

Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanza. Nikaenda kuzichapa zile picha kwa rangi, nikazikunja kwenye bahasha kama mtu wa maana, nikapanda basi la Nyamisati pale Rangi Tatu. Nilitaka nikamtoe nishai mjomba, kwamba sisi wa mjini siku hizi tunakuona hadi huko mlikojificha.

Kutoka Nyamisati ni boti. Kijiji chenyewe sikitaji, utaelewa kwa nini. Ile njia ya maji ndiyo inayonifanya nisahau shida zangu zote, mikoko imesimama pande mbili kama watu waliopanga foleni kwenye mkesha wa harusi, kaa wanapanda na kushuka mizizini. Watu wengi mjini wanasema "mikoko" kama vile mti ni mmoja. Kule utaonyeshwa mkoko wenyewe wenye miguu mingi, mkandaa, muia, mchu, mkomafi, msikundazi, na kila mmoja una kazi yake. Tanzania Bara, mpango wa usimamizi wa mikoko wa 1991, ambao marehemu Profesa Adelaida Semesi aliuandika, ulihesabu kama hekta 115,500 kwa kutumia picha zilizopigwa kwa ndege. Karibu nusu yake iko hapa Rufiji, hekta zipatazo 53,000.

Nikafika, nikamwamkia mjomba, akaitikia marahaba kwa furaha, mkewe akanipa maji ya kuoga na wali kwa kamba. Usiku watu wakajaa barazani kunisikiliza habari za mjini. Nikatoa bahasha.

"Mjomba, hebu angalia. Hili shamba lako linaonekana kutoka juu mbinguni."

Nilitegemea wacheke. Hakucheka mtu. Mjomba akachukua karatasi, akaisogeza kwenye taa, akaiangalia kwa muda mrefu kisha akaiweka chini taratibu.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mjomba. Nime..."

"Nakuuliza nani kakutuma, mpwa wangu. Huu msitu ni hifadhi ya serikali. Kukata ni kosa. Wewe unaniletea barazani kwangu, mbele za watu, picha ya kosa langu."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja, wengine hawakuaga kabisa. Asubuhi yake nikasikia kisimani ninaitwa "yule mpelelezi". Mjomba hakunisemesha siku nzima. Mkewe tu ndiye aliyeniambia, akichambua mchele, "Mwanangu, hapa watu wamewahi kufukuzwa mashambani. Picha si kitu cha kuchezea."

Siku ya pili mjomba akanichukua shambani. Sikujua kama naenda kupigwa au kusamehewa. Tukapanda kwenye dungu, kile kibanda cha juu ambacho watu wanakaa kuamia ndege wasile mpunga, na kutoka pale nikaliona lile baka la majivu kwa macho yangu. Ni kubwa kweli. Visiki vimesimama kwenye tope, na zaidi ya nusu ya eneo ni magugu tu, mpunga uko upande mmoja.

"Sasa nikueleze ambayo picha yako haikuambia," akasema.

Akanieleza kwamba zamani matawi haya ya kaskazini yalikuwa ya maji ya chumvi. Mto ukabadilika, maji matamu yakaelekea huku, na kumbe pale penye mikoko mpunga unaota bila jembe la ng'ombe wala mbolea. Mtu ana watoto sita, atafanyaje? Unakata, unachoma, unapanda. Miaka ya kwanza unavuna hadi unacheka peke yako. Kaa wanakula miche, unapanda tena. Halafu magugu yanaanza, mwaka wa tano, wa sita, wa saba, yanakushinda. Unaacha, unakata kipande kingine mbele.

"Kwa hiyo mjomba hili baka lote si shamba?"

"Shamba ni pale unapoona mpunga. Kwingine kote ni shamba la zamani."

Nikakumbuka mshikaji alisema kitu kuhusu mpunga. Mpunga nao ni jani bichi, ukiupiga picha ukiwa umestawi nao unang'aa mwekundu na unaweza kumdanganya mtu. Kwa hiyo wanapiga za miezi mbalimbali. Mkoko hauvunwi, ni wa kijani mwaka mzima, lakini mpunga ukishavunwa eneo linabaki wazi. Wanaangalia pia maji. Setilaiti hizi zinapita kwetu kama saa nne na nusu asubuhi. Nilipomwambia hivyo mjomba, akaguna, akasema wakati wa bamvua saa hizo maji yametoka, na wakati wa maji mafu saa hizohizo yamejaa, kwa hiyo msitu uleule siku moja utauona umesimama kwenye tope na siku nyingine kwenye bahari. "Wamelihesabu hilo?" Wamelihesabu, au wanajitahidi. Lakini mzee yule hajawahi kuingia darasa la ramani, na aliliona mara moja.

Halafu akaniuliza swali ambalo bado linanisumbua.

"Unaona hapo kwingine, pote palipobaki pekundu? Unajua kwa nini ni pekundu?"

Nikasema kwa sababu mikoko ipo.

"Ipo kwa sababu sisi tulikataa."

Huenda wewe msomaji ulikuwa hujazaliwa, mimi mwenyewe sikuwepo. Miaka ya 1990 kampuni moja ilikuja na mradi wa kuchimba mabwawa ya kufugia kamba katika delta hii, kwenye eneo la hekta kama 10,000. Mwaka 1997 serikali ikaukubali. Wataalamu wa mazingira walipiga kelele, waandishi wakaandika, na wananchi wa delta wenyewe wakagawanyika, lakini wengi walikataa, wakafika hadi mahakamani. Mabwawa hayakuchimbwa. Huko Asia mabwawa ya namna hiyo yamekula mikoko mingi kuliko jambo lolote, na kwenye picha za angani yanajulikana haraka kwa sababu yana kona, na msitu hauna kona.

"Niandikie kwenye picha yako," mjomba akasema, "hapa wananchi walikataa mabwawa. Iandike pembeni kabisa. Mkiniona mimi nimekata, muone na kwamba nililinda."

Nikakosa la kusema. Setilaiti inaona kilichokatwa. Kilichozuiwa kisikatwe hakina rangi.

Na kuna kingine isichokiona. Mjomba akanionyesha kwa kidole, ng'ambo ya mto, msitu mzuri mnene. Kwenye karatasi yangu ni mwekundu safi, hauna dosari. Tukaingia na mtumbwi. Lahaula! Ndani mna visiki kila hatua kumi. Watu wanachagua miti iliyonyooka tu, wanatoa fito, mapau, boriti, nguzo, kila saizi na bei yake, na matawi ya miti iliyobaki yanafunika juu kama hakuna kilichotokea. Kwa kijisanduku cha mita 30, hata cha mita 10, paa la msitu bado limefungwa. Biashara hiyo haikuanza jana. Majahazi yalikuwa yakipakia boriti za pwani hii kupeleka Uarabuni kwa karne nyingi, na vyumba vya nyumba za kale za Mji Mkongwe Unguja ni vyembamba kwa sababu upana wake umefuata urefu wa boriti. Mwaka 1987 serikali ilipiga marufuku ukataji wa mikoko, baadaye ukaruhusiwa kwa vibali na taratibu. Mikoko inayopakiwa usiku haina kibali, mjomba anasema, na wanaopakia si wenye watoto sita.

"Mimi mwenye mpunga naonekana," akasema. "Mwenye boriti haonekani. Hiyo ndiyo haki ya picha yako."

Nilipomsimulia mshikaji baadaye alikubali kwamba ni kweli. Zipo picha kali zaidi, za kijisanduku kisichofika hata mita moja, lakini hizo zinauzwa na bei yake si ya mwanafunzi. Yapo pia mawimbi ya rada, ambayo yanapenya mawingu hata masika, kwa sababu masika kamera ya kawaida inaona wingu jeupe tu. Lakini kisiki kimoja kimoja chini ya matawi, mpaka uende na miguu yako.

Sasa nikupe na upande wa pili, usije ukasema nimetoka huko nimegeuka adui wa setilaiti.

Jioni ya siku ya tatu, nilipokuwa nimeanza kuamkiwa tena na watoto, akaja mzee mmoja anayeheshimika hapo kijijini. Akauliza kama picha yangu inafika mlangoni, yaani pale mto unapoingia baharini. Inafika. Akasema kuna kipande cha michu kule kimekufa, na kila ugeni wa wakubwa ukija unawaambia wameikata wao kwa kuni. "Sisi hatukukata. Imekufa imesimama. Lakini nani atatuamini?"

Nikampigia mshikaji. Mtandao kule unapatikana ukisimama juu ya ukingo fulani karibu na gati, tena ukielekea Mafia kama unaswali. Nikamweleza mahali. Baada ya kama saa nzima zikaingia picha nne, za miaka minne tofauti, mwezi uleule. Tukakaa wanaume saba tumezunguka simu moja yenye kioo kilichopasuka. Katika picha ya kwanza ulimi mweupe wa mchanga uko nje baharini. Ya pili umesogea. Ya tatu umepanda juu ya ukingo wa msitu, na wekundu wa upande wa bahari umeanza kupauka. Ya nne umetoweka kabisa pale mchanga ulipolala.

Hapo hata mimi wa kidato cha nne nikaelewa. Mchu unapumua kwa vijiti vyake vile vinavyochomoza kwenye tope kama penseli. Mchanga ukivifunika, mti unakosa pumzi, unakufa umesimama. Mzee akanishika mkono, hakusema kitu kwanza, kisha akasema anataka picha hizo nne zichapwe kubwa na zibaki ofisi ya kijiji. Yule yule niliyeambiwa ndiye aliyeniita mpelelezi wa kwanza.

Na kwa kweli si mara ya kwanza delta hii kutazamwa kutoka juu. Mjomba ndiye aliyenikumbusha, kwamba Waingereza waliwahi kumtafuta Mjerumani humu. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha kwenye mikoko ya Rufiji mwaka 1914, ikafunikwa matawi, na Waingereza ikabidi walete ndege, vitu vya mbao na kitambaa wakati huo, kuipeleleza. Julai 11, 1915 wakaimaliza kwa mizinga huku ndege ikiwaelekeza. "Tangu siku hizo," mjomba akasema, "kinachotutazama toka juu hatukukituma sisi."

Siku hizi kuna mpango unaoitwa Global Mangrove Watch, ulioanza 2011 kwa picha za rada za Wajapani, ambao umechora mikoko ya dunia nzima, na ramani yake iko wazi kwa kila mwenye simu. Kwa hesabu yao, mwaka 2020 dunia ilikuwa na kilomita za mraba kama 147,000. Wana hata tahadhari zinazotoka mwezi hadi mwezi kuonyesha penye dalili ya mikoko kupotea, na Afrika ndiko zilikoanzia. Watafiti wetu nao wameipima Rufiji kwa picha hizi, na hekta zilizopotea tangu 1991 ni za maelfu. Swali langu ni moja tu, tahadhari ikitoka inaingia kwenye simu ya nani? Ya mtu wa Dar es Salaam, au ya yule mzee wa gati?

Wenzetu wa Gazi, kusini mwa pwani ya Kenya, wao wenyewe ndio wanaolinda na kupima mikoko yao, hekta 117, na tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa ambayo msitu wao umeihifadhi. Mradi unaitwa Mikoko Pamoja, pesa imeingia kwenye maji ya bomba na shule. Nilipomsimulia mjomba akauliza hekta 117 ni kama ngapi. Nikamwonyesha kwenye karatasi kwa ukucha wa kidole kidogo. Akatazama delta yake nzima, akafumba macho.

Rufiji yenyewe haitulii. Tangu Desemba 2022, bwawa la umeme la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, maji na tope la mto huu yanapita kwanza mikononi mwa binadamu ndipo yafike huku chini. Mikoko inaishi kwa tope hilo. Wanaotazama kutoka juu wana kazi, na wanaokaa chini wana wasiwasi.

Kuandika haya nimeomba ruhusa. Mjomba alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, nisitaje kijiji. La pili, habari ya mabwawa ya kamba niiandike, nayo umeisoma.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza hadi gatini amebeba debe begani. Nikamuuliza kama mwaka huu atakata kipande kipya. Akanyamaza, akapanga vizuri gunia juu ya debe.

"Niletee picha ya mwezi wa kumi," akasema. "Mpunga utakuwa umeshavunwa. Nataka nione lile shamba la zamani, kama mchu umeanza kurudi wenyewe au ni magugu tu."

"Na ukiwa haurudi?"

"Niletee kwanza picha."

Boti ikapiga honi. Mchele ni mzuri sana, mama anasema una harufu ya kwao. Tumeshaula zaidi ya nusu. Tukutane wiki ijayo, na hao wanaosema nimeoa wamtaje basi huyo mke.